Ubao wa Msonobari

Kazi yangu ni kukaza nyuzi za piano.
Viljandi wananijua kwa mkoba na ukimya:
shule, kanisa, ukumbi wa wazimamoto,
na wajane watatu wasiopiga tena
ila hawataki ife.

Nawajua pacha wawili, nambari zao zinafuatana.
Msonobari mmoja, gundi ya sufuria moja.
Wa kwanza alipelekwa kanisani, kwenye baridi isiyobadilika.
Wa pili shuleni, ubavuni mwa kipasha joto
kinachowashwa Oktoba kwa fujo.
Wa kanisani anazeeka na meno yake yote.
Wa shule ana ufa wa kupitisha kucha.

Ufa huo nimeusimulia miaka,
kama mtu mwerevu,
juu ya kahawa za watu.

Kisha Uku, mwanangu, miaka kumi na mitano,
akaacha kuamka.

Si uvivu. Uvivu naujua, una tabasamu.
Huyu aliutazama ukuta kama anausoma
na ukurasa haufunguki.

Mama mkwe, akimenya viazi, akasema: "Ni Endel huyo."
Endel baba yake, aliyelala majira matatu ya baridi
kwenye benchi nyuma ya jiko.
Wakamfunika, wakasema ni mgongo.
Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.
Nikalishika neno hilo kwa mikono miwili,
maana damu ikiwa na hatia, nyumba haina.

Daktari Piret hakulikataa.
Alisema jeni zipo, nyingi, ndogondogo,
hakuna hata moja iliyoandikwa sonona;
zinasukuma kama watu wanaosukuma gari thelujini,
na mengi hutegemea barabara imeinamia wapi.
Kisha akauliza: "Nyumbani kukoje?"

Nikasema: kuzuri.

Usiku nikatoa kipimaunyevu mkobani.
Miaka ishirini na miwili nakiweka sebuleni mwa watu,
kwangu sijawahi.
Nyumba ilikuwa kavu.
Sisemi hewa tu.
Nasema mlango nilioubamiza Novemba.
Nasema matokeo ya hesabu niliyoyasoma mbele ya wageni.
Nasema mimi na Maarika, mwaka mzima
tukipitishiana chumvi bila kuitana majina.
Na simu yake iliyowaka hadi alfajiri,
wenzake wakimcheka humo,
nami nikiuona mwanga chini ya mlango
nikipita kwenda chooni.

Kuna jambo sikuwaambia wateja.
Ubao unaopasuka upesi ndio huo huo unaoimba.
Plaiwudi iweke juani, iweke mvuani,
haipasuki, wala haina la kusema.
Msonobari mwembamba hunywa kila badiliko la hewa;
ndiyo maana unajua kutetemeka.
Endel naye, wanasema,
alimjua kila ndege kwa mlio, gizani.

Piano iliyoshuka sana huipandishi siku moja;
nyuzi zitakatika.
Unapandisha kidogo, unaiacha, unarudi.
Kwa hiyo asubuhi kuna nusu kidonge.
Kuna Alhamisi za Piret.
Kuna mtungi wa maji chini ya piano yetu
na mwingine, kwa ujinga wangu, nje ya mlango wake.
Kuna mimi, sakafuni, siulizi hesabu.

Jumapili moja ya Januari, saa tisa,
mwanga ukikunja virago,
nilikuwa nikigonga noti ya katikati,
ile iitwayo La, kama mtu anayekataa.
Akatoka, blanketi mabegani,
nywele zikinuka siku nne.
"Imeshuka," akasema.

Nikapima. Imeshuka, kwa unywele;
masikio yangu ya kulipwa hayakuusikia.

Akala mkate kwa kusimama. Akarudi kulala.
Mlango akauacha wazi, upana wa kiganja.